Katikati ya Ukumbi wa Shangazi

Mwezi uliopita tulisoma hitima ya shangazi yangu, Bi Zuhura, nyumbani kwa mwanawe Nassor, katika yale majumba marefu ya Michenzani. Wanaume walikuwa msikitini, wanawake tulipewa sebule. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikiwatazama jamaa zangu wakiingia, wakivua viatu, wakiwapa mkono wafiwa, halafu wakifuata ukuta mpaka wakapata pa kukaa. Sakafu ya nyumba ile ni ya zege. Ungeweza kuegesha gari juu yake. Hata hivyo, juzuu zilipoanza kugawiwa, watu walikuwa wamebanana magoti kwenye kuta zote nne, na katikati, penye zulia dogo jekundu lililochakaa, palikuwa na uwazi wa kumtosha mtu mzima kulala. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja aliyehamia karibuni, alikuja na birika la kahawa akataka kukata njia kupita pale kati. Vichwa vyote viliinuka. Bibi mmoja akamshika pindo la buibui, akamwambia kwa upole, "Pita huku, mwanangu. Pita pembeni." Yule mama akatii huku akipepesa macho. Hakuna aliyemweleza sababu. Mle ndani mimi ndiye niliyeweza kueleza, na nilinyamaza.

Sababu yenyewe ilianza kabla yangu, lakini mimi niliijua katika mwaka mmoja tu, ule niliomaliza chuo kikuu Dar es Salaam nikarudi Unguja na shahada ya fasihi, mabegi mawili ya vitabu na ugonjwa wa kuuliza maswali. Kazi haikuwepo. Baba aliona kuwa nikikaa kwake nitagombana na kila mtu, akanipeleka Mji Mkongwe kwa dada yake, nikae naye ghorofani. Kwa mwaka ule nilikuwa na kazi nne, na hata moja hailipi: kusoma, kutazama filamu, kuigiza na kuzuru jamaa. Nilizifanya zote kwa bidii ya mtu anayeogopa kuulizwa anafanya nini. Nilipokuwa chuoni nilikuwa nimesoma vitabu vya mtihani. Sasa nikataka kusoma vile nilivyovikosa. Asubuhi nilianza na chai ya mdalasini na mkate wa ufuta, nikalala kifudifudi kitandani na kitabu. Kimoja ninakikumbuka zaidi ya vingine, kitabu cha falsafa nilichokinunua barabarani Kariakoo, kilichochanika kurasa za mwisho, kwa hiyo nilizijua hoja zote za mwandishi bila ya kujua alifikia wapi. Shangazi alinikuta nikikisoma mara ya pili akauliza kama nilidhani safari hii mwisho utaota.

Kila kitabu nilichokiacha wazi, nikirudi nilikikuta na vumbi jeupe, laini kama unga wa mhogo. Nilikung'uta, nikaendelea kusoma. Kwenye nyumba za mawe vumbi la chokaa ni kama harufu ya bahari, mtu haulizi linatoka wapi. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hilo sikuliuliza kwa miezi.

Nilichouliza, tena wiki ya kwanza, ni habari ya Mwenyewe. Ukumbi wa shangazi ulikuwa chumba kikubwa kuliko vyote, chenye dari la juu, kabati la sahani za bibi, na viti virefu vilivyopangwa kuta zote. Katikati lilitandikwa lile zulia jekundu, peke yake, na hakuna mtu aliyelikanyaga. Pale pana mwenyewe, tuliambiwa tangu tunajifunza kutembea. Tulipoingia tulitoa salamu, tukapita pembeni. Alhamisi jioni shangazi alichukua chetezo cha ubani, akasimama pembeni mwa zulia, akanyoosha mkono bila ya kusogeza mguu, akafukiza. Na siku za Idd, ukoo wote ulipokuja kumpa mkono, waliingia watu wanne wanne. Wengine walingoja ngazini na uchochoroni wakila visheti. Wapita njia walidhani ni heshima ya Bi Zuhura. Sisi tulijua Mwenyewe hapendi msongamano.

"Kabila gani huyu Mwenyewe?" nilimuuliza shangazi. "Alikuja lini? Anakula nini?"

"Umesoma, Rahma," alisema, akichambua mchele. "Umesoma mpaka umeanza kuwahoji wasioonekana."

"Si nataka kumjua tu."

"Yeye anakujua. Inatosha."

Nilicheka. Leo nikiikumbuka sentensi ile sicheki.

Ijumaa baada ya sala ya Isha vijana wa mtaa walionesha filamu katika uwanja mdogo nyuma ya nyumba yetu. Hawakuwa na pazia la sinema. Walielekeza mashine kwenye ukuta wetu wa nyuma, uliokuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Idd iliyopita. Tulikaa juu ya majamvi na viti vya plastiki, karanga mkononi, na pale nikaziona filamu za mwaka mzima: za Kihindi za machozi, za Kiarabu za ndoa, na moja ya nchi ya theluji ambayo mtu alikuwa akimtafuta mkewe aliyekuwa amekaa chumba cha pili. Ukuta ulikuwa na ufa. Mwanzoni ulishuka kutoka pembe ya juu mpaka kwenye paji la uso wa waigizaji, kama kovu. Wenzangu waliutania, kila shujaa akitokea, walisema huyu naye kapigwa panga. Baada ya muda niliona kuwa mashujaa wote sasa wamekatwa mpaka mdomoni. Nikamwambia kijana wa mashine labda ameisogeza. Akanionesha chini: aliweka miguu ya meza juu ya alama za rangi zilezile tangu mwaka uanze. Basi nikaacha kufuata hadithi. Nilikuwa natazama tu ufa umefika wapi kwenye nyuso za watu.

Shangazi hakushuka. Alisema filamu anaisikia kwa ndani. Jioni moja nilibaki naye nikaelewa. Umekaa ukumbini, taa imewashwa, na ukutani mtu anazungumza. Halafu watu wengi wanacheka, pale pale nyuma ya sahani za bibi. Shangazi alikuwa anavuta tasbihi bila ya kugeuka. "Usiku wa filamu," alisema, "hawa walioko ukutani wana raha kuliko sisi." Sahani moja ilikuwa inatetemeka kabatini, taratibu, ikigonga mwenzake.

Kuigiza nilikuwa naigiza kwa Mussa. Mussa alizaliwa Ng'ambo, babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi bandarini, na yeye alikuwa fundi seremala mchana na bwana wa michezo jioni. Kikundi chetu kilifanyia mazoezi kwenye karakana yake, kati ya vitanda ambavyo havijamalizika. Mchezo wa mwaka ule ulikuwa wa familia inayomngojea mgeni wa chakula cha jioni. Mimi nilikuwa mama, na mwishoni nilitakiwa kuanguka. Nilianguka vibaya wiki nyingi.

"Unajitupa," Mussa alisema. "Kuanguka ni kazi, dada. Goti, nyonga, bega, kichwa kinakuja mwisho kama mtu aliyechelewa harusi. Na sikiliza watu. Ukiigiza vizuri, watazamaji husimama waone. Ukianguka kweli, hurudi nyuma."

"Sasa nifanye lipi?"

"Mie nnataka wasimame. Wakirudi nyuma, tumeshaharibu, hapo si mchezo tena."

Alipokuja kwetu kunywa chai akaona ukumbi, Mussa alisahau chai. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeoneshwa mchumba. Mchezo utaigizwa hapa, alisema, watu arobaini, tutawakalisha chini pande zote.

"Shikamoo tena, Bi Zuhura," akaongeza, akijua ameshaomba kikubwa.

"Marahaba tena. Hao arobaini utawaweka wapi, baba?"

"Humu humu. Kati na kati."

"Kati pana mwenyewe."

"Tutampa tikiti ya bure."

Shangazi hakutabasamu. Alichukua kikombe cha Mussa, ambacho bado kilikuwa kimejaa, akakipeleka jikoni. Mussa akaniangalia, akavaa viatu.

Mimi niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Kesho yake shangazi alipokwenda Darajani sokoni, niliingia ukumbini, nikajiambia kuwa nimeshasoma vya kutosha kuweza kuinua zulia. Nililishika pindo nikiwa nimepiga magoti, nikalivuta kuelekea kwangu. Chini yake hapakuwa na kitu. Sakafu ya mawe na chokaa, kama kwengine kote, isipokuwa palikuwa na mistari myembamba ya nyufa iliyozunguka, mmoja ndani ya mwengine, na nuru ya dirisha ilipita juu yake kwa namna nisiyoielewa. Nikaenda jikoni nikachukua ndimu. Nikaiweka chini karibu na kabati. Ndimu ikabingirika yenyewe, polepole, halafu kwa haraka, ikafika katikati ikasimama. Nikaichukua nikaiweka upande wa dirisha. Ikaenda palepale. Sakafu ilikuwa imebonyea kama sinia.

Sikumsikia shangazi akipanda ngazi. Alikuwa mlangoni na kikapu chake, mkia wa samaki umetokeza.

"Basi umeshamuona," alisema.

"Shangazi, hapa hamna jini. Hapa boriti zimeoza."

"Mie nnalijua hilo kabla hujazaliwa. Rudisha zulia."

Nilirudisha. Alikaa kwenye kiti cha ukutani akavua viatu, akapumzika kidogo, halafu akazungumza kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha mchana. "Bibi yako alimwambia baba yako, usiruke hapo, boriti mbovu. Akaruka. Akapigwa, akaruka. Siku aliyoambiwa pana mwenyewe, hajaruka tena mpaka leo. Mwangalie akija, mtu mzima na ndevu zake, anavyopita."

"Na kwa nini humwiti fundi?"

"Fundi akija, nyuma yake watakuja wenye kukagua majumba. Wataandika nyumba mbovu, watatwambia tokeni kidogo itengenezwe. Wangapi wametoka kidogo? Kaziangalie nyumba zao, zimeota mipapai madirishani. Na nikitoka mie hapa, nyinyi Idd mtakwenda kwa nani? Kila mmoja atakaa kwake na simu yake."

"Na ikianguka na watu?"

"Ndiyo maana wanaingia wanne wanne," alisema. "Sikwambii useme uongo, Rahma. Nnakwambia unyamaze."

Nilinyamaza, na tangu siku ile sikusoma tena kwa raha. Nilijua vumbi linatoka wapi. Nilijua sahani inagonga kwa nini. Nilifungua riwaya, nikasoma ukurasa huku masikio yako sakafuni, nikaufunga bila ya kujua nani kafa. Nilishuka kwa mwenye ghala la chini kwa kisingizio cha kununua sanduku, nikainua macho: katikati ya dari lake palisimama magogo mawili ya kuegemeza, meusi kwa uzee, na kati yao boriti za mikoko zilikuwa zimeliwa mpaka zimebaki kama mkate wa jana. Aliniuliza natafuta nini juu. Nikasema buibui.

Katikati ya mwaka tulikwenda Makunduchi kwa siku za Mwaka, sherehe yao ya kuupokea mwaka mpya, kwa binamu yake shangazi, Bi Kazija, mkulima wa mwani aliyekuwa na mikono migumu na mdomo mwepesi. Siku ile kule ni lazima nyumba ipate mgeni. Isiyo na mgeni huonekana imetupwa, kwa hiyo tulipokewa kama dawa. Tulikula wali wa nazi na pweza mpaka tukashindwa kuinuka. Uwanjani wanaume walichapana kwa mabua ya migomba, wakamaliza ugomvi wa mwaka mzima huku wake zao wakiwaimbia matusi. Halafu ikafika zamu ya kibanda cha makuti kinachochomwa kila mwaka. Mzee mmoja aliingia ndani, wakakitia moto, na umati ukangoja. Moto ulishika upesi. Nilijua atatokea kwa nyuma, kila mwaka hutokea kwa nyuma, na bado nilibana pumzi mpaka nikasikia masikio yanavuma. Alitokea, akakimbia mashambani, watu wakamfukuza wakicheka. Katika michezo yote niliyoiona mwaka ule, jukwaani na ukutani, hakuna uliofikia ule.

Usiku haujaingia nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha sahani, nikamsikia Bi Kazija akimuuliza shangazi kwa lugha yao ya Kimakunduchi, ambayo nilikuwa naielewa nusu, "Na wewe utatoka lini?"

"Kutoka wapi?"

"Humo kibandani mwako."

Shangazi akasema, "Mie sikuekewa mlango wa nyuma, Kazija," na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, wakaanza kuzungumza bei ya mwani.

Ramadhani ilipokuwa inakwisha, Nassor alikuja kutoka Kiwengwa, ambako alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya hoteli. Nassor ni mtu mwema, nalisema hili mapema. Alikuwa ameanza kuhudhuria darsa, na kama watu wote waliopata jambo jipya, alitaka kulileta nyumbani. Alileta zulia kubwa la kijani, la ukuta kwa ukuta, limebebwa na watu wawili mpaka juu. Akalitazama lile jekundu na chetezo pembeni yake.

"Mama, hii ni shirki. Unamfukizia nani?"

"Nafukiza nyumba."

"Nyumba haiishii kwenye zulia moja." Akanigeukia. "Rahma, wewe msomi. Mwambie. Kuna mtu hapa?"

Mwaka mzima nilikuwa nimengoja mtu aulize maswali yangu, na sasa yameulizwa mbele yangu na mtu mwengine, na shangazi ananitazama. Nikasema, "Hamna mtu." Ilikuwa kweli. Nassor akakunja zulia jekundu, akaliweka juu ya kabati, akatandika la kijani kutoka ukuta mpaka ukuta. Lilipendeza. Sakafu nzima ikawa kitu kimoja, na pale kati hapakuonekana tena.

"Zulia zuri," shangazi alisema. "Ahsante, mwanangu." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Idd pili ndiyo siku ya ukoo. Tangu asubuhi nilikaanga tambi. Nilikuwa nimemfuata Nassor jikoni mara mbili nikataka kumwambia ukweli, na mara zote shangazi alikuwa nyuma yangu, akiomba chumvi. Watu walipoanza kufika, Nassor alisimama juu ya ngazi na kanzu yake mpya, akaita, "Ingieni nyote. Leo hakuna foleni. Karibuni." Waliingia kwa mazoea, kwa kufuata ukuta. Lakini kuta zilijaa, na ngazini bado walikuwepo. Watoto ndio waliotangulia kusogea mbele, wakateleza kwa soksi juu ya zulia la kijani. Halafu vijana, sahani za biriani mikononi. Baba yangu mwenyewe alifika, akaangalia chini, akaona kijani kitupu, akasita, halafu nikamwona mtu mzima na ndevu zake anakata njia moja kwa moja kwenda kumpa mkono dada yake. Nilihesabu vichwa nikaacha. Chini ya mazungumzo yote, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili, nilisikia sakafu.

"Picha," Nassor alisema. "Hatujapata kupiga picha sote pamoja. Njooni kati, songeaneni."

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote, na shangazi ananisikia, "Nassor, usiwaweke hapo. Sakafu mbovu. Boriti zimeoza, nimeziona kwa macho yangu."

Walinitazama. Mtu akacheka. "Na wewe Rahma," Nassor alisema, kwa mapenzi. "Nyumba hii imembeba babu na ndugu zake wote. Itatuangusha sisi walaji wa tambi? Njoo usimame karibu na baba yako."

Nikamwangalia baba. Alikuwa anatabasamu, ametulia katikati ya zulia, mtoto wa mtu begani. Alikuwa ameshaambiwa utotoni kwamba boriti mbovu, na akaruka. Shangazi naye alikuwa ananitazama kutoka kiti chake, midomo imebanwa, na katika uso wake sikuona hasira ya siri iliyotolewa. Niliona mtu anayengoja.

Nilianguka pale nilipokuwa, karibu na ukuta. Goti, nyonga, bega. Kichwa kikaja mwisho. Nilikuwa nimepanga kupiga kelele, kutikisika, kama nilivyoona wanawake wakipandisha mashetani kwenye ngoma. Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, taratibu, haina haraka na mtu.

"Nani amenifunika?"

Hakuna aliyesimama kuona. Walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama maji yanapovutwa, mpaka migongo ikagonga kuta na sahani ya bibi ikaanguka ikavunjika. Nassor alianza kusoma Ayatul Kursi. Shangazi alikuja kwangu kwa pembeni, akapiga magoti, akanishika taya, akanitazama machoni. Niliona anatafuta kitu. Sijui kama alikipata. "Tumekosa, mwenyewe," alisema. "Tunatoka." Akageuka kwa watu, na sauti yake ikawa ile ya kupanga chakula. "Tokeni. Pembeni, pembeni. Mmoja mmoja. Wachukueni watoto mikononi."

Walitoka. Viatu vilichanganyika ngazini. Tulibaki watatu ukumbini, mimi chini, shangazi kando yangu, Nassor mlangoni na aya yake mdomoni. Nilikuwa nataka kuinuka, niseme basi, imekwisha. Wakati huo zulia la kijani likaanza kushuka katikati. Halikukatika, halikupasuka. Lilishuka polepole, likajikunja pembezoni, kama kwamba mtu mzito aliyekuwa amesimama muda mrefu hatimaye amekaa. Kisha tukasikia mawe yakimiminika ghalani chini, ambako kwa ajili ya Idd hapakuwa na mtu, na vumbi jeupe likapanda pande zote nne za zulia, laini kama unga wa mhogo.

Nassor alimbeba mama yake mikononi mpaka uchochoroni, mama akiwa na zulia jekundu kwapani, maana alikataa kutoka bila ya hilo. Siku ile ile shangazi akahamia Michenzani, kwenye nyumba ya Nassor. Wakaguzi walikuja, wakaandika walichoandika, mlango ukafungwa. Masika iliyofuata ukumbi ukaanguka pamoja na ukuta wa filamu, nyumba ikiwa tupu. Jamaa zangu hawakugawanyika kuhusu sababu. Walishaiona siku ile kwa macho yao. Boriti zilitajwa, lakini kama mtu anavyotaja kuwa marehemu alikuwa na homa pia.

Mussa alinijia baada ya wiki. "Nimesikia umeanguka vizuri," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima. Walisimama, au walirudi nyuma?"

"Walirudi nyuma."

Alikuwa amekuja na utani mwengine, nilimwona anao, lakini aliumeza. Mchezo wa mgeni wa jioni ulichezwa na mama mwengine. Mimi nikapata kazi ya kusomesha, na vitabu nilivirudia taratibu. Kwenye majumba ya sinema ninakaa kiti cha pembeni.

Shangazi aliishi Michenzani miaka ya kutosha kuzoea zege, ingawa hakuzoea. Nassor, mtu wa darsa, ndiye aliyelitandika zulia jekundu katikati ya sebule yake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Idd tulikwenda kwake, sote, kwa kufuata ukuta. Ramadhani yake ya mwisho nilikuwa nimekaa naye, tukinywa uji kwa daku, nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Nilimuuliza kama siku ile niliigiza vizuri.

Alifikiri. "Uliigiza mwanzo," alisema, akaomba maji.

Nimelichambua jibu hilo kwa kila chombo nilichopewa chuoni. Alikuwa mzee, alikuwa na homa, alipenda kunitania. Kwa miaka yote nimejieleza kuwa sauti ilikuwa yangu, kwamba hofu hukaza koo na koo lililokazwa hutoa sauti ya chini, na maneno ni ya zulia tu, mtu yeyote angeyasema. Ni maelezo mazuri. Yana kurasa zote isipokuwa za mwisho.

Hitima ilipokwisha, nilikuwa mlangoni nikiwaaga wageni. Yule jirani wa ghorofa ya chini alinijia kunong'ona, "Dada, samahani. Pale kati pana nini?"

"Hapana kitu," nilimjibu, na nilimaanisha. "Ni mazoea yetu tu."

Akashusha pumzi, akatabasamu, akarudi ndani kuchukua birika lake. Sebule ilikuwa imebaki tupu. Akakata njia. Mguu wake ulipokuwa hewani juu ya lile zulia jekundu, nikasikia mtu amesema, "Pita pembeni."

Mama yule aliganda. Nassor, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka msikitini na anavua viatu kizingitini, aliinua kichwa akanitazama mdomoni. Maneno yale ameyasikia maisha yake yote, si maneno yaliyomgeuza uso. Ilikuwa sauti, ya chini, taratibu, haina haraka na mtu. Aliitambua, na mimi pia.